Fyuzi Pindoni

Mwaka ule Ramadhani nzima tulifuturu kwa mhogo mkavu. Mchele ulipimwa kwa kopo la maziwa, makopo mawili kwa nyumba, na wenyewe ni mchele wa meli, una harufu ya gunia na mawe ya kuvunja meno. Tambi hakuna. Sukari ya kubahatisha. Mtu wa Mahajanga, hapa Madagaska, wa rika langu ukimtajia mwaka wa mhogo mkavu hakuulizi tarehe, anashika tumbo tu. Ndio mwaka nilioolewa, nikatolewa kisiwani Nosy Be kwa mama yangu nikaletwa mjini Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, kwa mume, na ndio mwaka nilioanza kumwogopa Mke wa Fundi.

Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini hakuna aliyelitumia. Mumewe alikuwa fundi wa umeme, kwa hiyo yeye akawa Mke wa Fundi. Mumewe akafa. Akachukua mkoba wake, akatia umeme nyumba za watu miaka arobaini kwa mikono yake mwenyewe, na watu wakaendelea kumwita Mke wa Fundi, utadhani marehemu yuko uani anakunywa chai. Nilimwuliza siku moja kama haimuudhi. Akasema, "Wakiniita Fundi watasahau kwamba alikuwepo."

Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili nilichoachiwa na bibi yangu na kidogo cha chuoni kwenye Kurani, maana shule nyingine sikupata. Mwenyewe alisema Kingazija akiwa nasi, Kisakalava akiwa sokoni, na Kifaransa cha kuwatukania mafundi wanaume.

Nitaanza na kifo, nikitue, kisha niseme mengine.

Nyumba ya mume wangu ilikuwa ya mawe na bati, na umeme ulikuwa unaingia kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wangu alitaka waya zifichwe ukutani kama nyumba za Wahindi wa mjini, zisining'inie. Mafundi walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa Wangazija, na Wangazija walikuwa wameondolewa mji mzima baada ya mauaji ya mwezi ule ambao kwetu hatuutaji mbele ya watoto. Huyu fundi alibaki. Msaidizi wake aliondoka, ndiyo maana akaja na mkewe. Yeye anachimba ukuta, mke anakoroga chokaa na kushika waya.

Siku ya mwisho tulikuwa na wageni wa futari. Jua limeshuka, uani kumejaa wakwe zangu, na mimi hina bado mbichi miguuni. Fundi yuko chumba cha nyuma, ng'ambo ya ukuta. Mkewe amesimama chini ya mita, fyuzi mbili za kauri mkononi, anangoja kuitwa. Nikamwendea. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilitaka wale wanawake waone taa ya nyumba yangu ikiwaka.

Nikamwambia, "Dada, washa basi. Watu watafuturu gizani?"

Akasema, "Bado hajaniita."

Nikasema, "Ameshafunika. Nimeona kwa macho yangu ukuta umefunikwa."

Na kweli ulikuwa umefunikwa. Mimi nilijua nini? Nilidhani kilichofunikwa kimekwisha. Kumbe waya ulipita ndani ya chokaa ukatokea kule chumbani, na ncha zake zilikuwa vidoleni mwa fundi. Mkewe akanitazama, akatazama wageni, akasukuma fyuzi. Taa ikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, na vigelegele vikaendelea mpaka mtu alipokwenda nyuma kuchukua mkeka.

Watu walipouliza nani aliwasha, alijibu, "Mimi." Aliulizwa na mama mkwe, akaulizwa na askari, akaulizwa na ndugu wa marehemu waliotaka kumpiga. "Mimi." Mwanamke aliyemhimiza hakumtaja.

Lakini tangu siku ile aliniita bi harusi. Nikazaa wa kwanza, bi harusi. Nikazaa wa tano, bi harusi. Nikapata wajukuu, meno ya mbele yakang'oka, na yeye akinikuta sokoni mbele ya samaki, "Bi harusi, hujambo?" Watu wakacheka, wakaona ni mzaha wa wanawake wa zamani. Mimi niliogopa kila mara. Mtu anajua neno lako moja, na akilitoa huna nyumba, huna uso, na halitoi. Nakwambia, heri angenipiga kofi tukamaliza.

Kazi aliipataje, mwanamke, mjane, katika mji wa wanaume? Ni kwa sababu ya wanawake wa ndani. Nyumba zetu fundi mwanaume akiingia, wanawake wote tunatoka. Mpishi anaacha chungu, mzazi anabebwa pamoja na mtoto wake wa siku tatu, bibi mgonjwa anaburutwa na godoro lake, tunakwenda kujazana kwa jirani mpaka amalize, na yeye anajua tunamngojea, basi ndiyo anakunywa chai. Mke wa Fundi akiingia hakuna anayeondoka. Anapiga patasi kichwani pako nawe unasuka ukili. Wanaume walimcheka miezi sita hivi, kisha wakaanza kumwita wenyewe, maana walichoka kurudi nyumbani wakakuta hakujapikwa.

Alivaa viatu vya marehemu, vya soli ya mpira nene, vikubwa kwake, akavijaza vitambaa mbele. Akitembea unasikia kwap kwap. Watoto walimwiga. Hakuwafukuza, aligeuka tu akawaambia, "Vaeni na nyinyi. Anayekwenda peku kwangu hagusi kitu."

Sasa niseme jinsi alivyokuwa mwoga. Mafundi niliowaona mimi wanajifanya majabali, wanashika waya huku wanasema habari za mpira. Yeye aliogopa kila siku ya kazi yake, na hakuficha. Kabla hajagusa kitu alikigusa kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Nikamwuliza mbona unagusa kama mtu anayepima homa. Akasema, "Umeme unakunja mkono. Ukigusa kwa kiganja, mkono unafumba juu ya waya na hauachi. Ukigusa kwa mgongo, unafumba ukijitoa." Kisha akasema, "Yeye alikuwa ameshika kwa vidole."

Na mimi mpaka leo nagusa hivyo. Mlango wa friji, bomba, pasi, kwa mgongo wa mkono. Wajukuu wananicheka.

Ukuta aliuogopa zaidi ya waya. Waya unaoonekana alisema ni mbwa aliyefungwa, unajua kamba yake inafika wapi. Wa ndani ya ukuta hujui. Kwa hiyo alikuwa na sheria. Waya wa ukutani huenda juu wima au huenda pembeni sawasawa, haukati kona kwa kona hata kama njia ni fupi, ili mtu ajaye na msumari wake miaka ishirini baadaye aweze kukisia. Na kabla ya kufunika aliita watu wote wa nyumba, mpaka wapishi, mpaka watoto, wakaja wakasimama mbele ya ukuta ulio wazi. "Tazameni. Unatoka hapa, unapita hapa, unaishia hapa. Wewe, sema." Na kila mtu aseme, mmoja mmoja, kama darasa la chuoni. Nyumba nyingine zilimwona mwendawazimu. Lakini mpaka leo ukiingia nyumba fulani za Mahabibo, mzee asiyejua kusoma atakuonyesha kwa kidole waya unapopita, juu ya kitanda, nyuma ya kabati, bila kukosea.

Na fyuzi. Akiingia nyumbani kwako jambo la kwanza ni kwenda kwenye mita, anang'oa fyuzi, anazifunga kwenye pindo la leso yake, fundo mbili, pale tunapofunga sisi pesa za soko. Leso anaivaa. Hapo ulimwengu wote ukija hauwashi. Mume wa mtu alimwambia ziweke juu ya meza, nitazilinda mimi. Akamjibu, "Hata mimi mwenyewe nilikuwa nazilinda."

Hilo pindo lilimletea aibu moja kubwa, na hii niiseme kwa kicheko kidogo maana nimewachosha. Alikuwa anafanya kazi kwa mama mmoja muuza vitambaa, jirani yetu. Adhuhuri akaitwa arusini, bibi arusi anaondoka kupelekwa Nosy Be kwa mumewe. Wanawake wakawa wanamtunza, huyu anamtupia leso, yule anamtupia leso, nderemo. Mke wa Fundi hakuwa amebeba zawadi, na mkono mtupu aliona haya. Akavua leso ya juu, mpya kabisa, akamfunga bibi arusi begani. Gari likaondoka.

Alipofika tena kwa muuza vitambaa akashika kiuno. Hakuna pindo. Hakuna fyuzi. Bibi arusi yuko njiani kwenda Ankify kupanda boti.

Mama muuza vitambaa alikaa gizani siku nne. Fyuzi za namna ile mjini hazikuwepo, mambo yote wakati ule yalikuwa ya kungoja meli. Kila akipita mtu dukani kwake anauliza, "Mama, umefiwa?" Naye anajibu, "Umeme wangu umeolewa Nosy Be." Mama yangu ndiye aliyekwenda nyumba ya bibi arusi kule Nosy Be, akamkuta bibi arusi wa watu ameshaziona zile kauri mbili pindoni, amezificha chini ya mto. Alidhani ni dawa ya kumtuliza mume.

Walicheka mji mzima. Yeye hakucheka. Aliniambia, "Ingekuwa kinyume, je? Ingekuwa nimezisahau ndani ya mita?"

Na huyu mtu mwoga hivi, nyumbani kwake hakuwa na umeme. Ndiyo. Taa ya mafuta, feni ya ukili, jiko la makaa. Alitia umeme misikiti, alitia umeme nyumba ya daktari, kwake akapuliza utambi. Nilifikiri ni kwa ajili ya marehemu, labda ameweka nadhiri. Akasema hapana, nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hakubali kuonyeshwa kuta zake. Lakini televisheni aliipenda mno! Tulipopata ile ya kwanza, yenye kisogo kikubwa kama mama mjamzito, alikuwa anakuja jioni anakaa sakafuni karibu kabisa, anatazama mieleka, anapiga ngumi mkeka, anamtukana mwamuzi Kifaransa. Mtu yule yule asiyecheka. Ikiisha anasimama, anagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, anaondoka. "Usiku mwema, bi harusi."

Alikuwa na ulimi, tusimpake mafuta. Fundi mmoja wa kiume alimwambia mwanamke hawezi kupanda ngazi na gauni. Akamjibu, "Na wewe huwezi kupanda na akili, lakini uko juu." Wachumba walimjia wawili. Mmoja alimwambia aache kazi, mwingine alimwambia asiache. Akawafukuza wote.

Zilipokuja hizi televisheni za bapa, hasira yake ikaongezeka. Alisema ile ya zamani ilibeba uchafu wake mgongoni. Hii haina mgongo, kwa hiyo waya zake zote watu wanataka kuzisukumia ukutani, waya wa umeme, waya wa dishi, waya wa sijui nini, na kila mtu mwenye drili ni fundi. Kazi hiyo ndiyo ilimpeleka Ambatoloaka, kule Nosy Be. Mimi nilikuwa nimekwenda kumuuguza mama, naye akaitwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, vyumba kumi na viwili, kila chumba televisheni ukutani, na waya zisionekane hata uzi. Nilimpelekea chakula, nikamkuta chumba cha mwisho amekaa juu ya ndoo ya chokaa, mikono kifuani. Mbele yake ukuta umechimbwa, na humo ndani kuna waya mwingine, mweusi, wa zamani, unatokea kwenye saruji na kuzama tena kwenye saruji.

Meneja anamwambia, "Madamu, wageni wanaingia kesho. Huo ni waya mfu. Kata, funika."

Akamjibu, na wafanyakazi wote wanasikia, "Sifuniki waya nisioujua unakokwenda. Wala msinihimize."

Meneja akacheka, akamwita mtu mwingine, akafunika kabla ya magharibi. Mke wa Fundi alikusanya vyombo vyake, kwap kwap, akatoka. Vyumba kumi na kimoja alimaliza, hicho kimoja alikiacha, na alikwenda nacho moyoni, maana wiki nzima alikuwa akiniuliza, "Hujasikia kitu kutoka kule?" Hatukusikia. Zikaja mvua mbili kubwa. Baada ya mvua ya pili, mwanamke anayesafisha vyumba alikuwa anafuta ukungu kwenye ukuta ule kwa kitambaa kibichi, peku, umeme ukamrusha mpaka mlangoni. Hakufa. Vidole viwili vimekunjika mpaka leo, namfahamu, anauza sambusa kwa mkono wa kushoto.

Nilidhani Mke wa Fundi atasema, "Si niliwaambia?" Hakusema. Alimnunulia yule mwanamke samaki, akaenda akakaa naye, akarudi. Njiani tukiwa kwenye boti kuvuka kwenda Ankify akaniambia bila kunitazama, "Kuondoka hakutoshi, bi harusi. Ningekaa juu ya ile ndoo mpaka wageni wanikute."

Sasa nisimulie mara ya mwisho.

Mwanangu wa pili alinijengea nyumba Amborovy, upande wa uwanja wa ndege, mahali pale ambapo zamani tulikwenda kuogelea tu na sasa kuna nyumba kila mahali. Nyumba nzuri, najivuna nayo, sitaki uongo. Vigae, maji ndani, madirisha ya kioo. Imeshikana ukuta mmoja na nyumba ya jirani, mjenzi mmoja, siku moja. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa anaolewa Marseli, Ufaransa, na mwanangu akasema, mama, hatuwezi kwenda, lakini utaiona harusi sebuleni, watu wote waje. Akaleta televisheni ya bapa, pana kama mlango uliolazwa. Mtu wa dukani akaja na drili, akafunga chuma cha kutundikia, akachimba mfereji ukutani wa kuficha waya, na katikati ya mfereji akakutana na waya asioutia yeye. Akasema ni mabaki ya mjenzi. Akaondoka kuchukua mwiko na plasta. Akavileta, akaviacha mlangoni, akapigiwa simu ya kazi nyingine, hakurudi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, harusi saa nane. Waya zinaning'inia chini ya kioo kama utumbo wa mbuzi. Nilifikiria wakwe, nilifikiria wale wanawake wa Mahabibo ambao watakuja kuhesabu vigae vyangu, nikamtuma mwanangu na gari. "Mlete Mke wa Fundi."

Alikuwa mzee sana. Macho yameingiwa na ukungu, viatu vile vile. Alitoka garini akasema, "Bi harusi, umepata kasri." Mjukuu wangu mdogo, Faida, wa miaka minne, akamshika mkono, akamwongoza.

Alikwenda kwanza kwenye umeme. Lakini nyumba za sasa hazina fyuzi za kung'oa, ni swichi ndogo ndogo kwenye kisanduku. Akazishusha zote. Akasimama, anapapasa pindo lake, hana cha kufunga. Kisha akavua leso ya juu, akakizungushia kisanduku chote, akapiga fundo tatu. Mke wa mwanangu akaziba mdomo asicheke.

Akaja kwenye ukuta. Akagusa kwa mgongo wa mkono chokaa, akagusa chuma cha kutundikia. Akatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani, akaitia kwenye ncha ya ule waya wa mjenzi. Ncha ilikuwa tupu, imemenywa, vidole vitatu kutoka kwenye bolti ya kile chuma.

Nyumba nzima imezimwa. Friji imenyamaza. Na kitaa kikawaka.

"Faida," akasema, sauti ya chini kabisa, "njoo nyuma yangu."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwinua yule mtoto pale pale afute vumbi kwenye kioo, kitambaa kibichi mkononi. Niliona mkono wake mdogo ukipita, nikaona vidole vya yule mwanamke wa Ambatoloaka.

Mwanangu akasema, "Haiwezekani. Nimezima kila kitu."

"Umezima vyako. Huu unatoka kwa jirani. Kawagongee."

Majirani wamekwenda Nosy Be, wamefunga nyumba, watarudi Jumamosi. Mwanangu akapiga simu, haipokelewi. Saa sita ikapita. Nje gari la kwanza la wageni likasimama, nikasikia sauti za wanawake, nikasikia mtu anasema, mashallah, tazama hilo lango.

Mke wa Fundi alifunga ncha ya waya kwa utepe, mizunguko mingi, akatia juu kipande cha paipu. Akavuta waya za televisheni pembeni kabisa, akazipitisha wazi wazi mbele ya ukuta mpaka kwenye soketi ya upande wa pili. Ubaya wake! Utumbo wa mbuzi umekuwa utumbo wa ng'ombe. Na shimo liko wazi, refu kama jeraha, katikati ya sebule yangu.

Na mimi, baada ya yote niliyoyaona, baada ya kitaa kile, nikafungua mdomo. Sijui nani aliufungua. Nikasema, "Dada, funika basi. Watu watakaa na shimo mbele yao?"

Nikajisikia. Sauti ile ile, mapozi yale yale, kama bado nina hina miguuni.

Akageuka. Macho yake ya ukungu yakanitafuta mpaka yakanipata. Mbele ya mwanangu, mbele ya mkewe, mbele ya wale wawili watatu waliokuwa wameshaingia, akasema, "Bi harusi, mwaka ule nilikusikiliza."

Akaketi juu ya ndoo ya plasta, mikono kifuani. "Sifuniki waya nisioujua unakokwenda. Wala msinihimize."

Mwanangu akauliza, "Mwaka gani, mama?"

Ningeweza kusema ni maneno ya uzee. Miaka arobaini nilikuwa nimetayarisha uongo kwa siku hiyo, na uongo mzuri. Nikamwambia, "Mwaka wa mhogo mkavu. Mumewe alikuwa nyuma ya ukuta na mimi ndiye niliyemwambia awashe." Nilisema kwa sauti. Mwanamke mmoja wa Mahabibo aliyekuwa anatazama vigae akainua kichwa. Mwache ainue.

Lakini vijana ni vijana, simu ya mwanangu ikaanza kulia, Marseli wanaita, magari yanazidi nje. Akauokota mwiko pale mlangoni, akaonja plasta kwa kidole kama mchuzi. "Mama, hayo Mungu atayahukumu. Sasa watu hawa wanaingia. Kufunika ni dakika tano, nitafunika mimi, Jumamosi tutafumua. Nyumba ni yako. Sema neno moja tu. Tunafunika?"

Nilimtazama Faida, amekaa sakafuni amejibanza kwenye vile viatu vikubwa. Nikachukua mwiko mkononi mwa mwanangu.

"Sifuniki waya nisioujua unakokwenda. Wala msinihimize."